Tabea Hakuonja

Mtu asikudanganye kwamba watu wa kwaya hawajui kuua. Nimemwona kwa macho yangu yule wa sauti ya kwanza, anayeimba amefumba macho mpaka wageni wanalia, akiokota jiwe la ukubwa wa parachichi na kumlenga dada yangu kichwani. Akamkosa. Jiwe likavunja dirisha la jiko, na mwanamke yule akasikitika. Si kwa kurusha. Kwa kukosa.

Dada yangu ni Tabea, Mama Nelson. Kwetu ni Machame, ila yeye aliolewa huku Meru, Nkoaranga, kwenye kihamba cha migomba na kahawa cha Mzee Gerson. Mume wake Elihuruma, kifungua mimba wa mzee, alishatangulia mbele za haki. Dada akabaki kwenye nyumba kubwa na baba mkwe wake, na chini yao akakaa shemeji yake Hans, mtu mwenye ua wa ajabu: kila masika unapanda mlima kidogo, na ukimuuliza anasema ni mmomonyoko wa udongo. Udongo gani unamomonyoka kwenda juu, mimi sijui.

Mimi ndiye mdogo wake, Fransiska. Nauza ndizi mjini, nakaa Themi, vyumba viwili na sebule, na kwangu hajawahi kulala mtu peke yake kitandani. Ukipita saa ya chakula umekula. Ukiwa na habari, umekula mara mbili.

Sasa, shingo ya dada ikaota uvimbe. Majirani wakasema ni rovu tu, mlimani rovu ni kawaida. Madaktari wakapima, wakasema ni saratani ya tezi. Wakaitoa tezi kwa kisu, halafu wakampeleka Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa, akanywe dawa ya kumalizia mabaki. Dada akatuapisha wote: neno saratani lisitajwe Nkoaranga. Huku kwetu ukitamka hilo neno, kuna watu wanaanza kukukadiria jeneza kwa macho.

Siku aliyorudi kutoka Dar, mwanawe Nelson alimleta kwanza kwangu. Nilikuwa nimejaza nyumba: majirani, watoto, mama mmoja wa Kisongo aliyekuja kunipa umbea na akakaa siku mbili. Nikatoka mbio, mikono wazi, kumkumbatia dada yangu. Akaruka nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

"Kaa mbali, Fransiska! Usinishike!"

"Umekuwa mtu wa Dar siku hizi? Hata kushikwa hutaki?"

Hakuingia ndani. Akaomba kiti uani, kule mwisho, karibu na tanki la maji. Watu wangu wote dirishani wanatazama. Niliona aibu, nikamvuta Nelson pembeni. Nelson ni mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja huko Kisongo, na ana tabia ya kukueleza kitu mpaka ukielewe au ukimbie.

"Mama mdogo," akaniambia, "ile dawa ni iodini. Unaijua iodini?"

"Ya kwenye chumvi."

"Ndiyo. Lakini ya kwenye chumvi imetulia. Katikati ya kila chembe kuna kiini, na ndani ya kiini wamebanana protoni na nyutroni. Iodini ya mama imeongezewa nyutroni nne zaidi ya ile ya chumvi. Huipati mlimani wala baharini. Inatengenezwa na watu, kwenye tanuri la nyuklia."

"Nne tu? Mimi hapa Krismasi naongezewa kumi na nne."

"Nyumba yako inavumilia. Kile kiini hakivumilii. Nyutroni mmoja anageuka protoni, na akigeuka anarusha elektroni kwa nguvu, kama mtu anayetupwa nje ya baa. Elektroni hiyo haifiki mbali, inaua seli za hapo hapo jirani. Ndiyo dawa yenyewe. Tezi inapenda iodini kama mbuzi na chumvi, kwa hiyo mabaki ya saratani yanaimeza yenyewe, halafu yanapigwa kutoka ndani."

"Sasa sisi kutushika kuna nini?"

"Kiini kikishapasuka kinatoa na mwali, unapita mpaka nje ya mwili. Na iodini yenyewe inatoka kwenye mate, kwenye jasho, kwenye mkojo. Kwa hiyo kikombe chake ni chake, choo chake ni chake. Asibebe mtoto mchanga. Na zaidi ya wote, Princess asimkaribie."

Princess ni mke wa Nelson. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na anakaa na mama mkwe wake kule mlimani.

"Mtoto aliye tumboni ana tezi tayari," Nelson akasema. "Nayo inapenda iodini, na haijui kuchagua. Ikiungua, imeungua kwa maisha."

"Mpaka lini?"

"Kiini kimoja kimoja hakuna anayejua kitapasuka saa ngapi. Ila vikiwa vingi, kila siku nane nusu yake inakuwa imekwisha. Kikipasuka kinakuwa gesi tulivu, hakigombani na mtu tena. Avumilie wiki chache."

Wiki chache. Kwa mtu wa mjini si kitu. Kwa mke mkubwa wa kihamba, yaani mke wa kifungua mimba, wiki chache bila kushika mkono wa mtu ni kesi.

Nyumbani dada akahamia kibanda cha nyuma, kilichokuwa cha kahawa. Sahani yake, kata yake, kila kitu chake. Princess akimpelekea chakula anakiweka chini na kurudi, ndipo dada anatoka. Watu wakaona. Huku migomba ina macho. Wakaanza: Mama Nelson amerudi na nini kutoka Dar? Mbona hali na watu? Mbona anamfukuza mkamwana wake kama kuku?

Ndipo kikaja kipaimara cha Nancy, binti wa Hans.

Tulipika pombe ya ndizi mapipa mawili, mimi na Princess na wanawake wa ukoo. Dada hakugusa hata kuni. Alituelekeza kwa kupaza sauti toka kibandani, "Ulezi bado mbichi huo! Koroga!" na sisi tunamjibu tukicheka. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sauti haifanyi. Kwenye nyumba ile, pombe ikishakuwa tayari, mke mkubwa huchota kata ya kwanza, anainywa mbele ya wote, anameza, watu wanaona koo limeshuka, kisha kata hiyo hiyo inakwenda kwa mzee na kuzunguka. Maana yake, nimewapa kitu ambacho nimekitia mwilini mwangu. Asipoonja yeye, hakuna anayeonja.

Jumamosi ile mchana uwanja ulijaa mpaka raha. Tumetoka kanisani, Nancy amevaa nyeupe, spika inanguruma, ndizi nyama zinachemka. Mzee Gerson alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, koti la suti na kofia ya sufu, jasho linamtoka. Dada alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda, mbali, ukingoni mwa mikahawa.

"Mama Nelson!" mzee akaita. "Njoo utufungulie."

Dada akasimama pale pale alipo. "Shikamoo baba. Naomba unisamehe. Leo mdogo wangu Fransiska aonje badala yangu."

Spika iliendelea kuimba, lakini watu wote waligeuka kumtazama.

Hans akasimama. Mwanamume mkubwa, shingo kama kisiki. "Toka lini mgeni akaonja pombe ya nyumba hii?"

"Sijisikii vizuri, Baba Nancy."

"Hujisikii vizuri toka urudi. Kula hutaki, kushikana mikono hutaki. Leo na pombe ya mwanangu huitaki. Tumekukosea nini?"

Mzee akapunga mkono. "Hebu leteni. Mimi nina kiu, sina kesi."

Nikachota kata imejaa, nikainywa kwa mbwembwe, nikajifuta mdomo, nikasema, "Wazee, kama hii ni mbaya basi niongezeni." Watu wakacheka nusu nusu. Nikachota tena, nikampa mzee kwa mikono miwili. Akanywa yote. Akasema, "Wachaga mnajua kupika, tatizo mnajua kuwa mnajua." Hapo wakacheka kweli. Akainuka ili ambariki mjukuu wake. Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Nancy. Mdomo ukapinda upande mmoja. Neno lililotoka halikuwa neno. Akaanguka kifudifudi kwenye miguu ya mtoto, na gauni jeupe likajaa pombe.

Tulimgeuza. Daktari wa zahanati aliyekuwa miongoni mwa wageni akamgusa shingo, akafungua kope, akamwangalia Hans, akatikisa kichwa.

Hans alilia kilio kimoja tu, kama ng'ombe. Kisha akageuka kuelekea kwenye mikahawa.

"Hakuonja," akasema.

Hakupiga kelele. Alilisema taratibu, na nikaliona likitembea mdomo kwa mdomo mpaka nyuma. Hakuonja. Hakuonja. Alijua.

"Jamani mimi si nimekunywa!" nikapiga yowe. "Nimekunywa kata nzima, niangalieni!"

"Mshikeni huyo, angalieni kucha!" mtu akasema.

Jamani. Mimi kucha zangu nilikuwa nimebandika saluni, ndefu, nyekundu, kwa ajili ya sherehe. Na kila mtu mlimani anajua habari ya mtu anayeficha sumu chini ya ukucha wa gumba, anachovya wakati wa kukabidhi kata. Wakanidaka watatu. Mmoja akanivuta gumba, akaupindua ukucha na kisu mpaka ukang'oka na nyama yake. Nilimng'ata sikio, sikumwachia mpaka nikaonja damu. Akanipiga ngumi ya mdomo, nikatema meno mawili kwenye mkono wangu mwenyewe.

Dada yangu angeweza kukimbia. Alikuwa karibu na njia ya kushuka mtoni. Badala yake akapiga kelele: "Mwacheni Fransiska! Mwacheni, nitasema!"

Wakamwendea.

"Msinikaribie!" akasema, amenyoosha mikono mbele. "Sikuonja kwa sababu ninaumwa saratani. Nimekunywa dawa ya atomu. Mate yangu yana mionzi, ndiyo maana sikutaka niguse kata. Nilikuwa nawakinga!"

Alitamka neno ambalo alituapisha tusilitamke, na halikumsaidia kitu. Hans aligeukia watu akafungua mikono.

"Mmesikia? Ana sumu mdomoni. Amesema mwenyewe."

"Amekiri!"

"Ya atomu! Aliifuata mpaka Dar!"

Hapo ndipo jiwe la kwaya liliporuka. Lililofuata halikukosa. Likampata begani, lingine gotini, akapiga magoti. Hans akamfikia na mpini wa jembe, akamshushia mkono aliokuwa amekinga nao kichwa. Nilisikia mfupa. Nilikuwa mbali, nimekaliwa mgongoni na mwanamke wa kilo mia, na nilisikia mfupa wa dada yangu ukivunjika kama kuni kavu. Wakampiga mateke. Vijana ambao alikuwa akiwapikia uji walimpiga mateke, wakipokezana. Kijana mmoja akaenda kuchukua petroli ya pikipiki.

"Subirini!" Huyu alikuwa Mzee Solomoni, mzee wa kanisa, ndugu wa marehemu. Alijipenyeza katikati na fimbo yake. "Subirini. Tusije tukaua bila haki. Kama pombe ni safi, aonje sasa. Anywe yeye, kisha kata hiyo hiyo anywe mkamwana wake. Hakuna mwanamke anayeweza kumuua mjukuu wake tumboni. Wakinywa wote wawili, nitasimama mbele yake mimi mwenyewe, atakayempiga anipige mimi."

Watu wakakubali. Ilikuwa busara, ukitaka kujua. Mahali pengine, siku nyingine, ningempongeza.

Wakamtoa Princess jikoni. Alikuwa ameweka mikono juu ya tumbo.

"Nitakunywa," akasema. "Nileteeni. Nitakunywa, mumwache mama."

"Hunywi!" Dada alisema hivyo kutoka mavumbini, jicho moja limeshafumba, damu inamtoka puani. "Princess, nikiigusa mimi wewe huigusi. Nelson alikwambia."

"Mama, watakuua!"

"Nimesikia. Hunywi."

Mzee Solomoni akainama, karibu kulia. "Mama Nelson, mwanangu. Kata moja tu. Nisaidie nikusaidie."

"Baba, mimi nitakunywa pipa zima. Yeye hapana. Mpeni mtu mwingine, mpeni Hans anywe nyuma yangu."

"Unaona!" Hans akasema. "Unaona anavyochagua wa kuua!"

Akachota kata mwenyewe. Akamshika dada yangu nywele, akavuta kichwa nyuma, akamgongesha kata kwenye meno. Dada akakaza taya. Hans akamwachia nywele, akadaka panga la kijana aliyekuwa karibu, akampiga shavu kwa mgongo wake, akamimina. Dada akakohoa, akatema, na nusu ya alichotema kikarudi ndani ya kata: pombe, mate na damu, kimekuwa chekundu. Hans akanyanyuka nacho akampelekea Princess.

"Kunywa basi. Kama ni safi."

Nilijitahidi kuinuka, sikuweza. Princess akaipokea kata. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama yake mkwe. "Tone moja tu, mama," akasema. "Tone moja haliui." Akaifikisha mdomoni.

Mtu aliyevunjika mkono, aliyepigwa mateke ya kichwa, sijui anatoa wapi nguvu. Dada alijirusha. Aliruka kutoka magotini kama chui, akampiga Princess kofi la uso kwa mkono uliobaki mzima, kofi la kumtoa mtu roho. Kata ikaruka, ikapasuka kwenye jiwe la kusagia. Princess akaanguka upande, akishika shavu. Dada akajikokota kinyumenyume mbali naye, haraka, akisugua mkono wake kwenye udongo kama ulioshika kinyesi.

Halafu wakapiga kelele wote kwa pamoja. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Alikuwa radhi ampige mjamzito kuliko pombe ile imfike mdomoni. Hata Mzee Solomoni alirudi nyuma, akavua kofia, akageuka akaangalia migomba.

Kilichofuata sitakieleza chote. Nilimwondoa mgongoni yule mama wa kilo mia kwa kumng'ata paja, nikafika jikoni, nikatoka na mwiko wa kupikia ndizi, ule mrefu kama kasia. Nilipiga watu. Nilipiga bila kuchagua shemeji wala shemasi. Nilimvunja mtu mmoja pua, mwingine nilimmwagia sufuria ya mchuzi uliokuwa motoni, na alipolia nilimuuliza kama chumvi imekolea. Lakini wao walikuwa sitini na mimi mmoja. Hans alishamwaga petroli. Dada alikuwa amelowa, na kijana yule alikuwa anatikisa kiberiti kilicholowana, kinakataa, anatikisa kingine.

Ndipo risasi zikalia juu. Nelson, aliyekuwa bado njiani kutoka shuleni kwake, alikuwa amepigiwa simu na Princess toka jikoni, kabla hawajamtoa, naye akapita kituoni akapanda na polisi kwenye pikapu. Watu waliokuwa sitini wakawa migomba mitupu. Hans peke yake hakukimbia. Alikaa chini karibu na maiti ya baba yake, panga mapajani, akawanyooshea polisi mikono.

Tulimpakia dada. Nelson alivua koti akamfunika, mwenyewe analia kama mtoto, anamshika bila glovu, bila chochote. Nilidhani dada ameshakwenda. Kisha jicho lile moja likafunguka.

"Alikunywa?"

"Hakunywa, mama."

"Hata mdomo haukugusa?"

"Haukugusa."

Akafumba jicho, na hapo ndipo akazimia.

Madaktari waliupasua mwili wa mzee, wakakuta mshipa wa ubongo umepasuka kwa presha. Alikuwa hanywi dawa zake, alisema zinamharibia ladha ya pombe. Basi huo ndio uliomuua: mshipa. Pombe tulikunywa mimi na yeye, na mimi niko hapa nasimulia.

Dada alipoteza jicho la kushoto. Mkono ulivunjika mahali pawili. Wodini walimweka pembeni, na Princess alikuwa anasimama nje ya dirisha, hatua nyingi, wanaongea kwa kupaza sauti na wodi nzima inafuatilia. Shavu la Princess lilivimba wiki nzima. Kila siku dada anamuuliza, "Linauma?" na kila siku anajibiwa, "Una mkono mzito, mama."

Siku moja Nelson, ambaye hajui kunyamaza, alikaa kitandani kwake akaanza hesabu. Akasema siku ile ilikuwa imebaki kiasi fulani tu, na kwenye mate kidogo yale, na kwa tone moja, labda isingemdhuru mtoto. Labda kabisa.

"Labda ya nani?" dada akamuuliza.

"Ya hesabu."

"Hesabu ina mtoto?"

Nelson akafunga daftari lake. Mimi nikamwambia atoke akaninunulie soda.

Zilipopita wiki nyingi, na vipimo vikasema iodini yote imekwisha mwilini, tulimrudisha dada nyumbani. Mkono bado una plasta. Kabla hatujamaliza hata kushusha mizigo, tukaona watu wanapanda njia. Mbele alikuwa Hans, ametoka kwa dhamana, amekonda. Nyuma yake Mzee Solomoni na wazee wawili. Hans anavuta mbuzi kwa kamba, na mkono mwingine ameshika jani la isale.

Isale ni jani tu, refu, la kijani, tunapanda kwenye mipaka. Lakini mtu akikuletea kuomba msamaha, hulikatai. Wachaga hatulikatai, Wameru hawalikatai. Hata kama amekuulia mzazi. Ukilikataa umejitoa kwenye watu.

Hans akapiga magoti mbele ya dada. "Mama Nelson. Nilimpoteza baba, nikapotea na mimi. Nimekuja."

Dada alimwangalia kwa jicho lake moja. Akanyoosha mkono mzima, akalipokea jani. Mzee Solomoni akapumua kwa sauti.

"Mimi nimepokea," dada akasema. "Lakini uliyetaka kumnywesha mate yangu si mimi." Akalirudisha. "Mpe mwenyewe."

Hans akageuka kwa Princess, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, tumbo limemtangulia. Akamnyooshea. Princess akalichukua lile jani, akalitazama pande zote mbili kama mtu anayekagua mchicha sokoni. Kisha akainama, akampa mbuzi. Mbuzi akalitafuna.

Wazee wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Mimi nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa vyote.

"Binti, isale halikataliwi!" Mzee Solomoni akasema.

"Sijakataa, babu. Mwanangu hajazaliwa. Azaliwe, akue, ajue kusema, ndiyo baba mdogo amletee. Mimi sina ruhusa ya kumjibia."

Hans akainuka. Uso ule ule wa siku ile. Wiki za mahabusu, magoti kwenye vumbi, na mbuzi anacheua msamaha wake mbele ya wazee. Mkono ukaenda juu.

Sikuuwahi mwiko. Dada aliwahi. Alimwingia Hans mbele, akamvuta Princess nyuma yake, akamshikilia kwa mkono mzima, barabara, ameuweka juu ya tumbo, na ule wa plasta ameunyanyua juu kama rungu.

"Piga," akamwambia. "Sasa hivi hata mimi naruhusiwa kumshika. Piga tuone."

Mkono wa Hans ulibaki hewani. Wazee wakamdaka mabega, wakamburuta kushuka njia, yeye anatukana, Solomoni anamtukana yeye, mbuzi amebaki uani kwetu. Hatukumrudisha.

Dada hakuutoa mkono pale tumboni. Alikuwa hajamgusa mkamwana wake toka arudi Dar, ukitoa lile kofi.

Princess akashtuka. "Amepiga teke."

"Nimelisikia," dada akasema.

"Na huyo naye," nikasema mimi, "keshaanza ugomvi. Ingieni ndani, kuna watu wanapanda tena huko, na safari hii naona wamebeba sufuria za chakula."